Swali Lililozama

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mke, na mama wa watoto watatu. Nyumba yetu iko Kwamsisi, Korogwe mjini. Nautaja mji kwa makusudi, maana mkoa wetu wa Tanga una Kwamsisi mbili. Ya pili ni kata ya wilaya ya Handeni. Ukitoka kwetu unapita Segera, unashuka Mkata, ndipo unashika barabara ya kwenda huko. Majina yanayoanza na Kwa yametujaa pande hizi: Kwamatuku, Kwamgwe, Kwaluguru, Kwamkonje, Kwamndolwa. Mgeni huyachanganya. Kumbe hata mwenyeji huyachanganya, nami niliyachanganya siku ambayo sikupaswa.

Nilikuwa nimeazimia jambo hili libaki kati yangu na Mungu na baba watoto. Lakini naona akina mama wengi siku hizi wamekabidhiwa makundi ya simu: la kwaya, la wazazi wa shule, la kuchangia arusi, la vikoba. Wanapewa usimamizi kama mtu anavyopewa ufunguo wa kanisa, wala hakuna anayewaeleza kinachotokea mlango usipotazamwa. Kwa ajili yao nimeona niandike.

Kundi langu mimi ni la watu wanaochora ramani kwa kujitolea, nao wanatumia programu huria. Kwa asiyejua, programu huria ni programu ya kompyuta au ya simu ambayo mtengenezaji wake ametoa pia jinsi ilivyotengenezwa. Ni kama jirani akuletee maandazi pamoja na karatasi ya vipimo vya unga, sukari na hamira. Ukitaka kuongeza iliki, unaongeza; na yakitoka mazuri zaidi, wengine nao huchukua vipimo vyako. Linux ilianza hivyo mwaka 1991. Hapa nchini, mwishoni mwa mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyotumia Kiswahili. Mwaka huohuo Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kawaida, na yeyote anaruhusiwa kuitumia bila malipo. Dar es Salaam iliifahamu zaidi kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walipochora mitaa inayokumbwa na mafuriko katika kazi iliyoitwa Ramani Huria. Mwaka 2015 pia ilianza kazi ya Crowd2Map ya kuchora vijiji, ambayo haja yake ya kwanza ilikuwa kuwafikia wasichana waliokuwa wakikimbia kukeketwa huko Mara.

Mimi nilianza mwaka 2019. Unaikalia picha iliyopigwa kutoka angani, unachora paa, njia, mto. Picha inakuonyesha paa, lakini haikwambii kama ni la zahanati au la ghala la mahindi. Hilo analijua mwenyeji peke yake. Kwa hiyo kazi hii haiendi bila watu kuulizana, na pale wanapoulizana pakivurugika, ramani nayo inavurugika. Wakati ule sikulijua hilo. Nilidhani kazi ni kuchora, na maongezi ni chumvi tu.

Mwaka 2021 niliombwa niwe mmoja wa wasimamizi wa kundi letu la WhatsApp, nadhani kwa sababu walimu huaminiwa kunyamazisha watu. Lilikuwa kundi moja tu lenye watu karibu 200, wengi wao vijana wa kiume. Humo humo mlikuwa na matangazo ya mafunzo, maswali ya wageni, mabishano juu ya majina ya vijiji, salamu za asubuhi zenye maua, Simba na Yanga, rambirambi, na ndugu mmoja aliyeuza simu zilizotumika. Mimi niliona kundi limechangamka. Nilijivuna hata.

Nyumbani hakukuwa na uchangamfu wowote. Vijana wengi walichora usiku, bando la usiku likiwa nafuu, na simu yangu ililia mpaka saa sita. Baba watoto ni dereva wa lori. Anarudi amechoka, na kesho saa kumi alfajiri yuko barabarani. Usiku mmoja aliwasha taa akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ambayo akina mama wenzangu mnajua ni mbaya kuliko ya juu, ni mwanamume gani anayeniandikia saa tano usiku.

“Ni mambo ya kalavati,” nikamjibu. Ilikuwa kweli tupu! Kijana wa Muheza alitaka kujua kalavati linachorwaje.

“Kalavati,” akasema. “Saa tano usiku.” Akazima taa.

Hatukusemeshana siku mbili. Siku ya tatu nikamwahidi kwamba kuanzia saa mbili usiku simu itazimwa na kuwekwa juu ya kabati. Ahadi hiyo sijutii hata leo. Ninachojutia ni kwamba niliondoka langoni bila kumwambia mtu yeyote akae badala yangu.

Ilikuwa Aprili 2022, wakati wa masika. Usiku wa kwanza wa ahadi yangu, mama mmoja aliyejiunga wiki ile ile aliandika hivi: “Habari za jioni ndugu zangu. Mimi nipo Kwamsisi. Zahanati ya huku kwetu kwenye ramani imewekwa ng’ambo ya korongo, siyo upande wake. Kwenye simu yangu sioni pa kuihamishia. Nifanyeje?”

Jibu lake lilikuwa la mstari mmoja: kwenye programu ile ya simu mtu huacha maelezo hapo hapo kwenye ramani, na mwenye kompyuta huja akahamisha. Mtoto wa kidato cha pili angeweza kumjibu. Lakini wa kwanza kujibu alikuwa kijana wa hapa hapa Korogwe. “Kwamsisi gani yenye korongo, dada? Mimi napita hapo kila siku.” Wa pili akasema labda ni korongo la jikoni. Vikafuata vicheko. Halafu bao likafungwa mahali fulani, na swali likazama.

Asubuhi nilikuta ujumbe 146. Niliupitia huku nikikoroga uji. Nikaona neno Kwamsisi, nikaifikiria Kwamsisi yangu, mtaa ninaoujua mpaka mbuzi wake, nikaona kweli hakuna korongo wala zahanati iliyokosewa, nikapita. Na lile la jikoni, ndugu msomaji, lilinichekesha. Nakumbuka kabisa kwamba nilitabasamu.

Siku tatu baadaye yule mama akaondoka kwenye kundi. Watu huingia na kutoka, sikutia maanani.

Katikati ya Mei alinipigia simu. Alijitambulisha kwa adabu sana, akasema hana ugomvi. Wifi yake alishikwa na uchungu usiku, wakakodi gari kutoka Mkata. Dereva hakuwa mwenyeji. Aliyekuwa akijua njia alikuwa amekaa nyuma akimshika mgonjwa, na dereva akaifuata ramani ya simu. Ikawapeleka ukingoni mwa korongo, upande usio wake, na maji yamejaa. Walirudi nyuma kuzunguka, karibu saa mbili nzima gizani na matopeni. Mtoto alizaliwa wakati wanafika, na alichelewa kulia.

“Wote wazima, dada, Mungu ni mwema,” akaniambia. “Naomba tu mlitoe lile paa pale.”

Nilifungua kompyuta ya shule mikono ikitetemeka. Ramani hii ina tabia moja ya uaminifu: kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya, na tarehe yake. Nilitaka kujua ni nani aliyeiweka zahanati ng’ambo. Jina lililokuwa pale lilikuwa langu. Nilikuwa nimeliweka mwaka 2020 kwa kukisia kutoka angani, nikiwa nimekaa sebuleni na chai.

Nililia jioni ile mpaka watoto wakaogopa. Baba watoto hakuniambia nimekosa, wala hakuniambia sikukosa. Alisema tu, “Jumamosi sina safari. Tutakwenda.”

Basi tukaenda, tukiwa na kilo mbili za sukari, sabuni na kitenge cha mtoto. Nilimwamkia mkwe wake, nikambeba mtoto, nikakiri kwa kinywa changu mwenyewe kuwa ni mimi niliyechora paa lile, na ni mimi niliyesoma swali nikapita. Yule mzazi alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama nimekula. Sijawahi kusamehewa kwa namna ile.

Lakini aliyenifundisha kazi alikuwa yule wifi, mwenye swali. Nilimwambia utani wa jikoni ulikuwa aibu kwetu sote. Akacheka. “Dada, utani wa jikoni nimeuzoea. Sikuondoka kwa ajili hiyo.” Aliondoka kwa sababu usiku ule ule, baada ya kuuliza, wanaume wawili asiowajua waliichukua namba yake humo kundini wakampigia. Mmoja akataka kujua kama ameolewa. Mume wake akaisikia simu. “Akaniambia nichague, ramani au nyumba. Nikachagua.”

Nilimtazama baba watoto. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Segera, ndipo alipozungumza. “Unajua stendi,” akasema. “Basi la Lushoto lina mahali pake, la Dar lina pake, la Handeni lina pake. Ninyi mmewaweka abiria wote kwenye foleni moja, mpiga debe hayupo, halafu mnashangaa mtu kupotea.” Nikamwambia mpiga debe alikuwa amelala kwa amri ya mumewe. Tulicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na mpaka tunafika Korogwe tulikuwa tumeligawa kundi lote kwenye karatasi ya risiti ya mafuta.

Kugawa kwenyewe kulichukua muda. Mimi na wasimamizi wenzangu wawili tulisoma upya maongezi ya mwezi mmoja, nikiwa na daftari na kalamu nyekundu kama ninasahihisha. Tuliona aibu. Maswali ya wageni yalijibiwa kama yameulizwa mchana na mtu anayefahamika. Yaliyoulizwa usiku na mtu mpya, hasa akiwa mwanamke, mengi yalizama. Wala si kwa ubaya wa mtu. Yalizama kwa sababu kila kitu kilipita kwenye mlango mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 2022 WhatsApp ilileta jumuiya, yaani namna ya kuyaweka makundi kadhaa chini ya paa moja. Tulishangilia, tukafungua vyumba tisa. Hilo nalo lilikuwa kosa, na nawaomba msilirudie. Vyumba vitano vilikaa vitupu kama nyumba ya tajiri asiye na watoto, na wageni wakawa wanauliza swali moja mara tatu wasijue pa kubisha. Tukavifunga, tukabaki na vinne. Matangazo, ambamo wasimamizi peke yao huandika. Maswali ya Wanaoanza. Majina ya Mahali. Na Barazani, kwa ajili ya salamu, maua, Simba, Yanga na simu zilizotumika.

Katika Majina ya Mahali kuna sheria moja tu: anza na kijiji, kata na wilaya, ndipo useme lako. Naiona ndogo, lakini imetuepusha na mengi. Mzigua, Msambaa na Mbondei wanaweza kuliandika jina moja kwa namna tatu, na kila mmoja akawa na babu wa kumshuhudia. Ubishi huo ni mzuri, unatufundisha, ila zamani ulifunika kila kitu.

Chumba cha Maswali kina zamu ya wiki, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Saa tatu usiku wa zamu hukifunga, na saa kumi na mbili asubuhi hukifungua. Kila swali la jana lazima lijibiwe kabla ya saa nne. Anayechora usiku anaweza kuongea Barazani, ambako mwenye kulala anaweza kuinyamazisha simu bila kukosa la maana. Majibu tunayakusanya kwenye faili moja ambalo kila mgeni hupewa siku ya kwanza. Na mama asiyetaka namba yake ionekane na watu hubaki katika Matangazo, ambako wanachama wenzake hawaioni. Swali lake humtumia msimamizi wa kike, naye hulipeleka chumbani kwa niaba yake. Kuna walioona jambo hili la ajabu. Kwangu mimi si la ajabu kuliko mwanamke kuchagua kati ya ramani na nyumba.

Palikuwa na mvutano. Yule kijana wa utani wa jikoni ndiye mchoraji bora tuliye naye, na wenzangu waliogopa kumgusa. Nikawakumbusha habari za Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mtu ambaye mashine za dunia nzima zinategemea kazi yake. Kwa miaka mingi aliwaandikia wenzake maneno makali, na watu wakavumilia kwa kuwa ni fundi. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akakaa pembeni kwa muda, na jumuiya ya Linux ikakubali mwongozo mpya wa mwenendo. Kama yeye aliweza, nikasema, Korogwe tunashindwa nini?

Nikamwandikia kijana faraghani, bila kumwaibisha. Nilimweleza juu ya mtoto aliyechelewa kulia, na nikaanza na kosa langu mwenyewe. Pia nilimkumbusha jinsi Mtume Paulo alivyowaelekeza Wakorintho wasemaji wapeane nafasi, mmoja baada ya mwingine, ili watu wote wajifunze. Naye, kwa kuwa ni mtoto wa kanisa, akanijibu kwamba mwalimu nisiishie hapo, niendelee mistari michache mbele nione Paulo alichosema juu ya wanawake. Nilicheka ingawa nilikasirika. Sikumjibu. Hajaomba radhi hadi leo. Lakini wiki ile ile nilifungua ramani nikaona kwamba korongo lote la upande ule wa Handeni lilikuwa limechorwa upya kutoka juu hadi chini, na kila kivuko kinachojaa maji wakati wa masika kimewekewa alama. Jina la aliyefanya lilikuwa lake, saa nane za usiku.

Sitawadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Watu kadhaa waliondoka wakisema tumeligeuza kundi kuwa shule. Barazani kumepoa; ule uchangamfu wa zamani, pamoja na fujo zake zote, wakati mwingine naukumbuka. Tena zamu ya wiki ni mzigo kwa mwanamke mwenye sufuria jikoni na daftari za wanafunzi mezani. Wiki nyingine namwomba binti yangu wa kwanza anisomee maswali huku nikichambua mchicha, nami namwambia cha kujibu.

Yule mama wa Handeni alirudi mwaka 2023. Kabla ya kurudi, mume wake alitaka azungumze na baba watoto kwanza. Waliongea kwa simu, madume wawili, muda mrefu, na nilichosikia mimi ni habari ya bei ya mahindi na matairi. Kesho yake mama akajiunga. Sasa naye yuko kwenye zamu, na wageni wanampenda kuliko mimi kwa sababu hachoki kurudia. Mtoto wa wifi yake anatembea, na kwa sauti yake wanasema amelipa deni la siku ile.

Juzi dada mmoja wa kwaya alifika nyumbani akamkuta baba watoto anaosha lori. Akamwambia amepata shamba la kukodi, liko Kwamsisi. Baba watoto aliweka ndoo chini, akajifuta mikono.

“Kwamsisi ipi?” akauliza.